Fundi wa Kupunguza

Miaka ishirini na sita nimepima viuno vya watu
hapa Umoja, chini ya ngazi za ploti ya Mutisya,
nikiandika kwa chaki: thelathini na nane, arobaini na mbili.
Changu sikukipima. Tepu ilikuwa fupi,
nami nilikuwa na kazi.

Kisha sukari. Kisha daktari kijana
aliyeongea na faili, si nami.
Mwaka na miezi mitano ya ugali wa ukubwa wa ngumi,
chai kavu, na njaa iliyonijua kwa jina.
Zikatoka kilo arobaini na nne:
madebe mawili na nusu ya mahindi.
Sijui niliyamwaga wapi.

Mtaa ulijua. Mtaa hujua kila kitu.
"Ndunge amekwisha," walinong'ona kwa muuza mboga,
"ule ugonjwa haufichiki."
Mama Kasyoka akaniletea supu ya miguu ya ng'ombe,
akaniombea huku akinikagua, macho wazi.
Nikainywa nusu. Nikamshukuru.
Nikapunguza nguo zangu zote, mshono kwa mshono,
isipokuwa hii niliyozaliwa nayo:
ngozi haina uzi wa kufumua.

Viatu nilivipata Gikomba, mia saba baada ya kuzozana.
Ndani ya ulimi, kwa wino wa buluu: INGRID.
Sijui Ingrid ni nani. Sijui alichokea wapi.
Soli zake zimelika upande wa kushoto,
kwa hiyo tunakimbia tumeegemea kushoto,
mimi na yeye,
saa kumi na moja alfajiri, kando ya Outering,
kabla moshi wa malori haujaamka.

Siku ya kwanza: toka kituo cha petroli hadi nguzo ya pili ya stima.
Nikaikumbatia nguzo kama mlevi.
Mtu wa bodaboda akapunguza mwendo:
"Mathe, nani anakukimbiza?"
Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Pumzi nimepata. Jibu bado.

Nguzo ya tatu. Ya tisa. Daraja la Donholm.
Mvua ya Aprili, matope yakameza kiatu cha kulia,
nikarudi kukichimbua kwa mikono kama kiazi.
Wekulo, bawabu wa ghala la saruji, akaanza kunihesabia:
"Leo umechelewa dakika nne, fundi."
Na tumbo, hili lililobaki kama mfuko wa unga uliokung'utwa,
kila hatua linapiga makofi,
pa, pa, pa.
Mwanzo nililifunga leso, kwa aibu.
Siku hizi naliacha lishangilie.

Jumapili ya mbio, kilomita ishirini na moja,
namba kifuani kwa pini zangu mwenyewe.
Tulipofika ya kumi na mbili, washindi walikuwa wameshaoga.
Ya kumi na saba, mguu wa kulia ukakataa.
Ukakataa kabisa, kama punda barabarani.
Ndipo nikakumbuka pedali:
mguu huu huu, chini juu, chini juu,
kwa sare za shule, kwa magauni ya harusi za watu,
kwa suti moja aliyozikwa nayo mume wangu,
nimekimbia nikiwa nimeketi,
pengine hadi Mombasa na kurudi,
na sikuwahi kutoka chini ya ngazi.
Nikauambia: wewe shona tu.
Ukashona.

Sikulia pale mwisho. Nilitafuta choo.
Masaa matatu na dakika mbili.

Jumatatu msichana akaleta sketi ya mama yake.
"Ipunguzwe," akasema, "amekonda ghafla,
na hataki kuongea na mtu."
Nikachukua chaki, nikaandika kiuno.
Kisha nikamuuliza,
na kiatu, huvaa namba ngapi?