Bangili ya Njano

Dada Icilda kavaa nyeupe tangu alfajiri,
viatu mkononi.
Pwani ya kaskazini, Jamaika, tuko kumi na mmoja,
tumekuja kumbatiza walipobatizwa mama zetu.

"Bangili zenu?" mlinzi wa hoteli anauliza.
Za njano. Bila hiyo hata kisigino hakilowi.

Nyuma ya ukuta mawimbi tunayasikia tu,
kama anusaye pilau ya jirani.

Mchungaji Barrett anamkazia macho.
"Wewe si Lascelles wa Bi Una?
Nilikuzamisha hapo hapo,
ukaniuma kidole."

Lascelles anachezea redio yake ya begani.
Lango hafungui. Wala hatufukuzi.
Anaiambia hewa
kamera ya mashariki, kwenye mfereji wa maji machafu,
imekufa tangu Jumanne.