Herufi Mbili

Miaka kumi na mmoja nimekaa dirisha la nyuma,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mikeka, Bondeni,
kalamu nyekundu sikioni,
nikiwinda koma zilizopotea.
Kazi yangu si kuandika.
Kazi yangu ni kuona.

Gazeti letu, Kivuko, hutoka Ijumaa.
Jumamosi limeshafungia viazi karai,
wino umehamia vidole vya watoto
na habari imeliwa kwa ukwaju.

Zamani Twalib Mwinyifaki alikuwa na ulimi wa pilipili.
Aliandika mifereji ya Majengo inayokohoa upepo,
akamtaja mkandarasi, akamtaja shemeji wa mkandarasi,
akataja hata bei ya dumu moja kwa mkokoteni.
Tulilipwa tukichelewa, mwezi mwingine kwa unga.
Lakini ofisini tulicheka.

Kisha likaja tangazo la kwanza.
Ukurasa mzima, rangi nne: Mheshimiwa akikata utepe
mbele ya tangi tupu.
Mshahara ukatoka tarehe ishirini na nane.
Tangazo la pili likaja na feni.
La tatu likaja na ombi: ile habari ya mifereji
ingojee kidogo.
Imengoja. Ingali ndani ya mtoto wa meza
chini ya risiti; nadhani imeshashika ukungu.

Sisemi aliuzwa siku moja. Hapana.
Mtu hauzwi kwa gunia,
hupimwa kwa kibaba:
leo aya, kesho kichwa cha habari,
keshokutwa anaulizwa shangazi yake hospitali anaendeleaje.
Nami feni ile ilinipepea, niseme kweli.
Ada ya Fathiya ililipwa kwa wakati.

Nilisoma mahali kwamba Marekani ya kale
mhariri aliyempigia debe mgombea hadi akashinda
alipewa posta ya mji, awe bwana wa barua.
Nikacheka peke yangu.
Kwetu, baada ya kura, ilikuwa bodi ya feri:
kiti, gari, na dereva wa kufungua mlango.
Kivuko kwa kivuko.

Habari yake aliiandika mwenyewe, kwa nafsi ya tatu.
Umazi akaichapa upesi, simu i sikioni,
ikanifikia saa nne usiku, mtambo unangoja:
Mhariri wetu amenunuliwa wadhifa
wa mjumbe wa bodi.

Nikaitazama.
Sarufi haikuwa na kasoro.
Palipotakiwa ametunukiwa,
T imekuwa N, K imekuwa L.
Vidole vya msichana wa Rabai, kwa uchovu tu,
vimesema kile ambacho ofisi nzima
ilikuwa ikikimeza kwa chai.

Umazi alisimama mlangoni. Hakuniuliza kitu.
Chini barabarani mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita,
gurudumu moja linalia,
madumu kumi na manane. Niliyahesabu yote
ili nisiitazame karatasi.

Kisha nikatoa kalamu sikioni.
Nikaweka T.
Nikaweka K.

Ijumaa asubuhi akapiga simu,
nyuma yake kiyoyozi kikinguruma:
"Mwanasha, nimelisoma neno kwa neno.
Safi kabisa. Sijaona kosa hata moja."

Nikasema ahsante.
Wino ulikuwa umenivujia nyuma ya sikio.
Nikaenda kunawa.
Mfereji ukakohoa.