Rafu ya Saba

Tartu, saa nane za usiku, theluji imeziba dirisha.
Hilja anaandika: nipe mfuko wa damu, rafu "saba".
Kikaguzi kinagoma:
faharasa hii hutaka namba; umenipa neno.

Anasonya. Saba ni saba, we mashine!

Kisha anakumbuka daftari la Urmas wa ghalani,
aliyeandika 7 bila mkato, ikasomeka 1,
na asubuhi ile, wodi ya tatu,
walivyobaki wakitazamana.

Anafuta alama za nukuu,
vijitu vyembamba kama miguu ya sisimizi.
Anaandika 7.

Kikaguzi kimya.
Hakisifu, hakisalimu.
Rafu inajibu: mfuko mmoja, kundi O,
na jina la mtu aliyelala
asijue kwamba amebishaniwa.