Bugali wa Ishirini na Wawili

Daftari langu lina jalada la bluu na harufu ya sambaza,
kwa sababu muuza sambaza ni mimi, na mhazini ni mimi.
Ukurasa wa arobaini na moja nimeandika:
Zihindula. Miaka kumi na minane. Anatoka kituoni Jumamosi.
Chini yake: godoro, kufuli, sufuria ndogo,
unga wa wiki mbili,
garanti ya miezi mitatu kwa mwenye nyumba wa Cimpunda.
Mia tano, mia tano, kila Jumanne: akina mama kumi na sita
na fundi Birindwa, anayetoa elfu huku akinung'unika.

Tulimpandisha mlima kwa miguu,
godoro kichwani, mvua ikitufuata kutoka ziwani.
Njia ya Cimpunda ni ngazi zilizochongwa na nyayo;
ukiteleza, unabisha hodi kwa jirani wa chini
bila kukusudia.
Birindwa, aliyemfundisha randa na msumeno,
aliutazama mlango, akasema umekaa upande.
"Kazi yako ya kwanza ndiyo hiyo. Na hulipwi."

Nikampa ufunguo.
Aliushika kama mtu anavyoshika kifaranga,
akauliza: "Na wa pili, anakaa nao nani?"
Kituoni funguo zote hukaa kiunoni kwa Mama Nsimire,
zikilia anapotembea, watoto wanajua yuko wapi.
Sikuwa na jibu.
Daftarini hakuna safu ya hilo.

Jumapili, alfajiri, Mama Nsimire alifungua lango amwage majivu
akamkuta amelala barazani, viatu chini ya kichwa.
Hakuibiwa. Hakuwa na njaa.
"Kule kuna kimya," alisema. "Hakuna anayekoroma."
Miaka tisa amelala katikati ya pumzi ishirini na moja:
anamjua anayesaga meno,
anamjua anayemwita mama yake usiku
kwa lugha ya kijiji kisichokuwapo tena.
Pumzi yake mwenyewe, ikiwa peke yake, ilimtisha.

Jumanne tukabishana.
Wengine: arudi kidogo, mwezi mmoja tu.
Wengine: arudi alale wapi?
Kitanda chake kimeshapata mtu,
mtoto wa miaka minane mwenye kikohozi,
aliyeficha mkate ndani ya foronya siku ya kwanza.
Birindwa akaanza, "Mche ukihamishwa..."
akaishia hapo. Si mtu wa methali, ni mtu wa misumari.

Jumatano nilipanda na sambaza zilizobaki sokoni.
Nikamkuta anatoka jasho mbele ya mbabula,
sufuria si ile yetu, ni ya kuazima, ya msiba,
mwiko mrefu kama kasia,
na bugali, mama yangu! bugali mweupe kama mlima wenye mawingu.
Unga wote wa wiki mbili.
"Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kupika kule," alisema
bila kuniangalia.
"Wa mtu mmoja sijui unaanzaje."

Ningeweza kumgombeza. Mhazini ana haki hiyo.
Nikamwaga sambaza kwenye mafuta.
Alikuja mjane Nabintu na sahani mbili, moja ya kuficha,
wakaja wanafunzi wanne wa chumba cha nyuma,
akaja mzee wa makala, mikono nje ya mlango,
akiogopa kuchafua kuta ambazo tayari ni za udongo.
Nani alisema karibu? Sikumsikia mtu.
Mlango ulikuwa haufungiki, basi.

Na ukuta wa udongo ni mwembamba.
Saa nne usiku, mzee wa makala alianza kukoroma
upande wa pili, kama lori linalopanda Kadutu na mzigo.
Zihindula aliniambia baadaye:
alimsikiliza mpaka mlio wa kumi na moja,
wa kumi na mbili haujui.

Nyumbani, kwenye taa ya betri, nilifungua ukurasa wa arobaini na moja.
Unga wa wiki mbili: umekwisha siku moja.
Kalamu ilisimama juu ya safu ya hasara.
Kisha ikasogea,
nikauandika chini ya garanti.
Mkaguzi akija Desemba, aniulize.

Mlango bado umekaa upande.
Anasema ataunyoosha wiki ijayo.
Simhimizi.