Malipo ya Kusubiri

Dastagir alinipakia stesheni ya Bijapur
katika gari lake la farasi,
kiti kimetiwa viraka vya gunia la mtama.
"Kubani," nilisema.
"Nani haendi kubani?" Akadatisha ulimi: tk!
Badami akang'oa kwato.

Tulipita birika kavu la masultani,
vijana wakicheza kriketi humo kwa ubao wa kitanda;
tukapita mzinga uliolala ngomeni kinywa wazi.
Alivitaja vyote bila kugeuza shingo,
kama mtu ahesabuye watoto wa jirani.

Getini nikamuuliza: mle ndani mkoje?
Akajikuna kidevu.
Miaka thelathini na mmoja ameshusha watu hapa,
maharusi, wanafunzi, wazee wa kubebwa,
na hajawahi kuvua viatu mlangoni.
"Farasi angeshikwa na nani?"

Leo hatamu alishika Shantavva, muuza karanga.
Nikakata tiketi mbili.

Ngazi nyembamba, zimelika katikati,
giza linanuka popo na mafuta ya nywele.
Kila dirisha alisimama kumtazama Badami,
aliyezidi kupungua:
punda, mbuzi, kokwa ya tende.

Juu, chini ya kuba, watoto wa shule
walikuwa wakiyarusha majina yao ukutani.
Netravati! Netravati! Travati! Vati!
Mwalimu aliwafokea,
naye akafokewa na jiwe.

Tulingoja waondoke.
Kikaja kimya ambacho ndani yake
mtu huona haya kumeza mate.
Nilidhani atataja jina la Mungu,
au la marehemu mkewe, aliyemtaja njiani mara mbili.
Alisogeza uso karibu na ukuta
akadatisha ulimi.

Tk.
Jiwe likajibu, likajibu tena,
mara saba, pengine zaidi,
sauti ikizunguka juu ya makaburi
kama magari matupu yanayorudi nyumbani.
Dastagir alihesabu kwa vidole, akakosea, akacheka.
"Na farasi wote hawa," akasema, "watalishwa na nani?"

Chini, Badami alikuwa amekula karanga
pamoja na gazeti lililozifunga.
Ugomvi mfupi wa Kikannada. Rupia arobaini.

Stesheni alinidai nauli ya kwenda na kurudi
na saa nzima ya kusubiri.
"Lakini tulikuwa wote juu," nikamwambia.
"Mimi, ndiyo.
Aliyesubiri ni farasi."