Sweta la Isyonje

Msimbo ni mmoja. Hapo mimi na Ambwene hatukubishana,
juu ya duka la mbolea, Uyole, mwezi Juni,
vidole vimekufa ganzi, malori ya viazi yakikohoa dirishani.
Msimbo ni mmoja, mazingira matatu:
mashine yangu, mashine ya majaribio,
na ile halisi, yenye mizani na hela za watu.

Mama alinifundisha haya kabla sijaijua kompyuta.
Kila Desemba tukiteremka Kyela kwa bibi
alipanga begi moja kwa hali za hewa tatu:
juu sweta la Isyonje, ukungu unakolala barabarani kama ng'ombe;
katikati mwavuli, maana Tukuyu mvua haipigi hodi;
chini kabisa fulana, za joto la mpungani.
"Mwili haubadilishwi," alisema. "Nguo ndiyo hubadilishwa."
Na nauli hakuiweka begini.
Aliifunga pindoni mwa khanga, kiunoni,
begi likiibwa, tufike.

Basi nikaandika mafaili matatu,
kila moja linajua daftari lake liko wapi,
nani wa kutumiwa ujumbe, nani wa kunyamaziwa.
Nywila hamna humo. Nywila iko pindoni.

Alhamisi umeme ulikatika mara mbili.
Kwa pupa nikaipeleka programu kwenye mashine halisi
ikiwa imevaa faili la majaribio.
Hakuna kilichoanguka. Taa zote kijani.
Laiti ingepiga kelele!
Mtu akifika Kyela na sweta hutoka jasho, hulivua;
programu haitoki jasho.
Siku nzima ilizipokea kilo za Isongole, kwa adabu,
ikaziandika kwenye daftari la kuchezea
ambalo kila saa sita usiku hujifuta lenyewe.

Ijumaa, saa moja kasoro, simu.
Bi Subilaga Mwaikenda hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Mwanangu, magunia yangu kumi na moja yamelala wapi?"

Yamelala kwa Mkulima Jaribio,
mwenye namba ya simu ya sifuri tupu,
mtu niliyemuumba mwenyewe nikinywa chai.

Nikapanda Isongole. Gwakisa wa mizani, asiyeniamini tangu zamani,
alikuwa na daftari la karatasi, limelowa pembeni,
penseli, kila gunia, kila jina.
Tuliyaingiza moja moja mpaka vidole vikanuka udongo.
Hakusema neno.
Alilifunga tu kwa mpira, akalirudisha kwapani.

Sasa programu ikiamka, kabla ya kazi, inajiuliza:
niko wapi? nimevaa nini?
Visipolingana inagoma, hata shikamoo haitoi.
Ambwene anauita ulinzi.
Mimi nasema nimeifundisha kutoka jasho.

Gwakisa bado anaandika kwa penseli.
Sijamwambia aache.