Waya wa Tatu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imepenya mpaka tumboni mwa mota,
ikavila vihisio vyote vitatu,
na sasa sumaku haina wa kuisemea iko wapi.

"Agiza vingine Dar," anasema Ambakisye.
Nyuma yake magunia kumi na manne ya kahawa mbivu
yanasubiri kumenywa; yakilala leo, kesho yamechacha.
Nikamwambia, tutaisikiliza yenyewe.

Nyaya ni tatu. Mbili zinasukuma.
Ya tatu, kwa zamu yake, imepumzishwa,
haina kazi ila kuchungulia:
maana sumaku ikipita mbele ya koili
huacha neno pale, volti yake yenyewe, yenye ubishi,
inapanda, inashuka,
na inapovuka mstari wa kati
ndipo inasema, niko hapa.

Lakini volti arobaini na nane kwa chipu ya volti tatu
ni kumlisha kichanga mbalaga ya moto.
Nikapanga rezista, kubwa juu, ndogo chini,
ukelele ukanifikia mnong'ono,
moja ya kumi na sita.
Kapasita ya kuchuja makelele niliitia kubwa mno:
habari zikaja safi, zimechelewa,
mota ikatetemeka
kama mtu anayeitikia salamu ya jana.
Nikaitoa, nikatia ndogo.
Afadhali uchafu kidogo unaowahi.

Na kuna hili, halina rezista wala dawa:
ikisimama, haisemi.
Mota iliyotulia haina cha kurudisha.
Huwezi kuiuliza, uisukume tu kwa kubahatisha,
hatua, hatua, upesi kidogo,
kipofu akimkokota kipofu,
mpaka mwendo wake uipe sauti.

Saa tano usiku. Ukungu umeketi kizingitini.
Ambakisye kashika tochi, mkono unamcheza kwa baridi.
Mara ya kwanza ilikoroma ikagoma.
Ya pili ikaenda kinyume,
ikamtemea maganda kifuani.
Ya tatu
sikuitazama mota. Nilitazama kioo cha kipimo,
ule mstari ukivuka, ukivuka,
kila ukivuka nami nikimeza mate,
hata nikasahau kwamba chumba kizima kinavuma.

"Sasa nani anaiambia ilipo?"
Inajiambia.
Akaguna. Hakuniamini hata kidogo.
Akavuta gunia la kwanza.